Kabla ya Bangi ya Nyuzi, Mkonge wa Mipakani

Mvuvi wa Musoma anayelinganisha boti ya faiba na mtumbwi wa mbao hutazama uzito, uimara na bei, na kwa kazi yake hayo yanatosha. Lakini boti ile inastahili kutazamwa kwa jicho jingine pia. Imeundwa kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakiwezi kuwa boti: nyuzi nyembamba za kioo, na gundi iliyozishika zikawa mwili mmoja. Mabati ya asbestosi yaliyobaki juu ya majengo mengi ya zamani ya umma ni ya ukoo huohuo, kwa kuwa ni nyuzi za madini zilizofungwa ndani ya saruji. Wahandisi huviita vitu vya namna hii nyenzo mseto. Nyuzi za kioo tunaziagiza kutoka nje, na za asbestosi zimethibitika kuleta saratani kwa anayezivuta kifuani. Viwanda vya Ulaya vimekuwa vikizirudia nyuzi za mimea kwa zaidi ya miaka 30 sasa, na mmea unaotajwa mbele ya mingine yote ni bangi ya nyuzi, ambayo wafanyabiashara huiita hempu. Swali linalotuhusu ni hili: mkoa wa Mara, wenye mwalo wa Musoma, pamba ya Bunda na chuo kikuu kule Butiama, una nafasi gani katika kazi hiyo? Jibu langu ni kwamba una nafasi kubwa, ila isianzie kwenye hempu. Mmea tunao tayari. Kinachokosekana ni kazi ya katikati, ile inayougeuza unyuzi wa shambani kuwa kitu ambacho kiwanda kinaweza kukiamini.

Tuanze na namna nyenzo hizi zinavyofanya kazi, maana hoja yote imejengwa juu ya hapo. Anayekandika nyumba huchanganya udongo na nyasi zilizokatwakatwa kwa sababu anajua kuwa udongo mtupu ukikauka hupasuka. Udongo hustahimili kukandamizwa lakini hauwezi kuvutwa. Jani la nyasi haliwezi kusimama lenyewe lakini huvumilia kuvutwa. Vikikaa pamoja, ufa unapoanza hukutana na jani, nalo huushika pande zote mbili. Ndivyo inavyokuwa kwa kioo na gundi, na kwa mkonge na saruji. Kuna masharti mawili yasiyoepukika. Kwanza, nyuzi ziwe na nguvu na urefu wa kutosha kuibeba kazi. Pili, gundi izishike sawasawa, kwa sababu unyuzi ambao haukushikwa huchomoka kana kwamba hakuna kitu, hata ungekuwa na nguvu ya chuma. Watu wengi hulitazama sharti la kwanza tu, wakauliza mmea gani una nguvu kuliko mwingine. Vifaa vingi vya nyuzi za mimea vilivyoharibika viliharibikia kwenye sharti la pili.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hempu ni mmea wa ajabu. Shina lake hufika mita tatu au zaidi katika miezi mitatu hadi minne, na ganda lake la nje limejaa nyuzi ndefu ambazo sehemu yake kubwa, takriban asilimia 70, ni selulosi. Ndani ya kila unyuzi selulosi hiyo imepangwa karibu sambamba na urefu wake, na hapo ndipo ukakamavu wake unapotoka. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, na ya unyuzi wa mmea ni gramu 1.5. Ukivuta unyuzi mmoja mmoja mpaka ukatike, kioo hushinda kwa mbali. Lakini ukipima ukakamavu kwa kila gramu, hempu nzuri hulingana na kioo na wakati mwingine hukipita. Zaidi ya hayo, kioo huyeyushwa kwenye tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzijoto 1,400, wakati mmea hujengwa na jua na mvua. Fundi anayekata kifaa cha kioo huwashwa ngozi na huhatarisha mapafu. Vumbi la mimea nalo linahitaji barakoa, lakini halina makali yale. Sababu hizi ndizo zilizowavuta watengenezaji wa magari wa Ulaya kuweka nyuzi za hempu, kitani, kenafu na mkonge kwenye mbao za ndani za milango, rafu za nyuma na migongo ya viti.

Hata hivyo kuna vizuizi viwili vinavyoifanya hempu isiwe pa kuanzia kwa Mara, na cha kwanza ni sheria. Hempu na bangi inayovutwa ni jamii moja ya mmea. Tofauti iko kwenye kiasi cha kemikali inayolevya. Marekani, kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha asilimia 0.3, na Umoja wa Ulaya nao sasa unatumia kiwango hicho. Nchini Tanzania, kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kilimo cha bangi ni kosa, na wilaya ya Tarime, jirani kabisa na Butiama, imeshuhudia operesheni za kuteketeza mashamba yake mara nyingi. Wapo wanaosema sheria ibadilishwe kesho. Mjadala huo ni halali na usizimwe. Lakini kuruhusu hempu kunahitaji maabara ya kupima kila shamba, maofisa wa kuyakagua, na mbegu zilizothibitishwa. Tena chavua ya mmea huu hubebwa na upepo, kwa hiyo shamba halali lililo karibu na shamba la kificho linaweza kuharibiwa mbegu zake na kumtia mkulima mwaminifu mashakani. Kumtwika mkulima wa Mara mzigo huo kabla ya kumpa soko si haki.

Kizuizi cha pili kiko angani. Hempu huamua wakati wa kuchanua kwa kupima urefu wa mchana. Mbegu za Ulaya zilizochaguliwa kwa ajili ya nyuzi zimezoea mchana wa kiangazi wa saa 15 au 16. Mchana ukiwa mrefu shina huendelea kupanda, ukifupika mmea huacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Musoma iko karibu digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, mahali ambapo mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu ya Ufaransa ikipandwa hapa ingechanua mapema ikiwa bado fupi, na unyuzi mfupi ndio hasara yenyewe. Mbegu zinazofaa ukanda wa joto zinatafutwa na zinaweza kupatikana, lakini hiyo ni kazi ya utafiti wa miaka, haiwezi kuwa ahadi ya msimu ujao.

Wakati huohuo mmea mwingine umesimama kwenye mipaka ya mashamba. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikafika hai Tanga. Kutokana na hiyo ulikua uchumi mzima: kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na kuongoza dunia. Historia hiyo husimuliwa kama ya Tanga na Morogoro peke yake, lakini Kanda ya Ziwa ilikuwa na mkonge wa namna yake, katani ya mipakani, iliyopandwa na wakulima wadogo kuwa uzio wa mashamba na maboma, ikakatwa kwa kamba na kuuzwa kidogokidogo. Haidai ardhi ya chakula kwa sababu inakaa mahali ambapo mahindi hayapandwi. Haidai mvua nyingi. Ng'ombe hawaili. Hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi bila kupandwa upya. Hakuna askari atakayekuja kuing'oa.

Je, singa za mkonge zinaweza kukaa kwenye kiti cha hempu? Kwa ukakamavu haziwezi kuifikia, na mwenye kusema vinginevyo anadanganya. Selulosi ndani ya unyuzi wa mkonge imezunguka kwa mshazari wa digrii 20 hivi, wakati ya hempu imenyooka kwa digrii chache tu, ndiyo maana unyuzi wa mkonge hunyumbuka zaidi kabla ya kukatika. Lakini kunyumbuka huko si kasoro kila mahali. Kifaa kinachopigwa na kugongwa, kama mlango, dawati la shule au kreti ya mizigo, kinahitaji nyuzi zinazomeza kishindo, na hapo mkonge ni mzuri. Kuna pia hesabu inayousaidia. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, uwezo wake wa kukataa kupinda huongezeka mara nane. Kwa hiyo nyenzo nyepesi yenye ukakamavu wa wastani inaweza kufanywa nene kidogo, ikasimama imara na bado ikawa nyepesi. Mercedes-Benz walilijua hilo katikati ya miaka ya 1990 walipotengeneza mbao za ndani za milango ya E-Class kwa mikeka ya kitani na mkonge iliyoshikwa na gundi ya epoksi, na uzito wa mbao hizo ukapungua kwa asilimia 20 hivi. Mmea uliokuwa ukiporomoka bei Tanga ulikuwa ukifaa kabisa kwenye gari la kifahari la Ujerumani.

Bunda nayo ina la kuchangia, nalo liko kwenye pamba, hasa ile isiyohesabiwa. Baada ya mavuno mkulima hutakiwa kung'oa na kuchoma mabua ili kuua wadudu wanaojificha humo wakisubiri msimu mwingine. Kanuni hiyo ina sababu nzuri ya kilimo. Lakini bua la pamba lina ganda lenye nyuzi na kiini cha mti, na nchini India, ambako pamba hulimwa kwa wingi, taasisi ya utafiti wa pamba ya Mumbai imeonyesha kuwa mabua hayo hutengenezwa mbao za kushindiliwa. Bua lililosagwa na kukandamizwa kwa joto halibakizi mdudu, kwa hiyo lengo la kanuni linatimia bila moto. Viwanda vya kuchambua pamba navyo huacha takataka za nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa. Anayezidharau nyuzi fupi aikumbuke Trabant, gari la Ujerumani Mashariki lililotengenezwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1991. Chuma cha kutengeneza maumbo ya gari kilikuwa adimu, wakachukua mabaki ya pamba kutoka Umoja wa Kisovieti, wakayatia gundi ya fenoli na kuyakandamiza kwa joto. Magari zaidi ya milioni tatu yalitembea barabarani na miili ya pamba. Hayakuwa magari bora ya dunia, lakini yalithibitisha kuwa mabaki ya pamba yanaweza kuwa malighafi ya kiwanda kikubwa kwa zaidi ya miaka 30.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: kama mambo ni mepesi hivi, mbona hayajafanyika? Yamewahi kujaribiwa, na jaribio hilo ndilo lenye somo kuliko yote. Miaka ya 1970 na 1980, kitengo cha serikali cha utafiti wa ujenzi mjini Dar es Salaam, kikishirikiana na watafiti wa Sweden, kilishughulikia mabati ya saruji yaliyoimarishwa kwa singa za mkonge. Wazo lilikuwa zuri: mwananchi apate paa la bei nafuu bila asbestosi na bila kuagiza kitu. Mabati mapya yalikuwa magumu na yalivumilia kugongwa. Lakini katika hali ya joto na unyevu, kadiri muda ulivyopita, yalipoteza uvumilivu huo na kuvunjika kwa urahisi. Mtafiti Hans-Erik Gram, katika kazi iliyochapishwa Stockholm mwaka 1983, alieleza kilichotokea ndani. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya saruji ni makali kama magadi, na ukali huo huyeyusha lignini, kitu kinachoziunganisha seli za unyuzi. Unyuzi hubaki vipandevipande ndani ya bati lililo zima kwa nje. Kazi hiyohiyo ilionyesha dawa: kubadili sehemu ya saruji kwa unga wenye silika unaopunguza ukali, au kuzikinga nyuzi kabla ya kuzichanganya. Leo tunajua kuwa majivu ya pumba za mpunga zilizochomwa vizuri yana silika hiyo kwa wingi.

Tuitafakari habari hiyo kwa makini. Mmea haukushindwa. Mkonge ule ulikuwa na nguvu zote ulizohitaji. Kilichoshindwa ni mshikamano kati ya unyuzi na kilichoushika, nao ulihitaji watu wa kupima, kusubiri, kupima tena na kurekebisha. Hempu ingewekwa ndani ya saruji ileile ingekumbwa na ukali uleule. Ndivyo ilivyo pia kwa gundi za plastiki: unyuzi wa mmea wowote unapenda maji na gundi nyingi zinayachukia, kwa hiyo nyuzi zisipokaushwa vizuri, na zisipooshwa kwa kostiki kuondoa nta na kuukwaruza uso wake, hazishikwi. Joto likizidi nyuzijoto 200 hivi huanza kuungua. Urefu ukitofautiana kiholela, kifaa kimoja huwa imara na cha pili dhaifu. Haya yote ni kazi ya katikati, na haijali kama unyuzi umetoka kwenye hempu, mkonge au pamba. Atakayeijua kwa mkonge ataijua kwa hempu. Asiyeijua, akipewa hempu kesho, ataishia kuuza mashina.

Kuuza mashina ndiko kulikotuangusha mara ya kwanza. Baada ya kilele cha mwaka 1964, kamba za plastiki ziliingia sokoni na bei ya singa ikaporomoka. Utaifishaji wa mwaka 1967 na matatizo ya uendeshaji yaliyofuata yakaongeza uzito, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Watu hubishana kuhusu nani alaumiwe. Lakini chini ya mabishano hayo kuna jambo moja lisilobishaniwa: nchi iliyoongoza dunia kwa mkonge ilitegemea matumizi machache, kamba na magunia, na nyingi za singa zake ziliondoka bandarini zikiwa singa. Mbadala wa kamba ulipopatikana, hatukuwa na bidhaa ya pili. Katika miaka ya karibuni serikali imeufanya mkonge kuwa zao la kimkakati na kuhimiza wakulima wadogo wapande. Nalifurahia hilo, ila najiuliza singa hizo zitakwenda wapi zaidi ya kule zilikokwenda zamani.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la maji. Ziwa liko mlangoni, wavuvi wanahitaji boti, na nyuzi za mimea hunyonya unyevu, huvimba, kisha huoza. Pingamizi hili ni la kweli kabisa, na jibu lake ni kwamba tusianze na mwili wa boti. Boti inayozama huua watu, na hakuna anayepaswa kujifunzia kazi juu ya maisha ya mvuvi. Tuanze na vitu vinavyokaa pakavu na visivyobeba uhai wa mtu: dari, milango ya ndani, mbao za kugawa vyumba, madawati, makabati. Baada ya hapo, kwa uzoefu na vipimo, kuna vifuniko, viti na sakafu za ndani ya boti, ambavyo huwekewa gundi nje na kukaguliwa kwa macho. Mwili wa boti ubaki wa mbao au wa faiba ya kioo mpaka ushahidi uruhusu.

Pingamizi la pili ni la gundi. Utaniambia: nyuzi ni za Butiama, sawa, lakini epoksi na poliesta zinatoka ng'ambo, kwa hiyo tumehamisha utegemezi tu. Hoja hii ina nguvu, na wasifuji wengi wa nyuzi za mimea huipita kimya. Nina majibu mawili. La kwanza ni plastiki iliyokwisha kutumika. Viroba vya sandarusi, ndoo na viti vilivyovunjika vingi ni vya polipropilini, plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, chini ya kiwango kinachounguza unyuzi. Plastiki iliyoiangusha kamba ya mkonge sokoni ndiyo leo inayoweza kushikana na mkonge, na imetapakaa kila mji. La pili liko Mtwara na Lindi. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye fenoli, malighafi ya gundi inayotumika duniani hata kwenye bitana za breki. Korosho zetu nyingi huuzwa ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda huondoka pamoja nazo. Gundi ya korosho na singa za mkonge ni ndoa inayoweza kufungwa ndani ya mipaka ya nchi hii, na kila mmoja wa wanandoa anangoja kiwanda kilekile cha kati.

Pingamizi la tatu ni la soko. Kioo ni rahisi, mbao za kushindiliwa kutoka nje zipo madukani, na Musoma iko mbali. Lakini umbali una pande mbili. Musoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na kila ubao unaotoka huko umelipiwa safari yote hiyo, tena mbao ni kitu kinachojaza lori. Bidhaa inayotengenezwa hapohapo inaanza na nafuu ya nauli. Na soko la kwanza si lazima liwe la watu binafsi. Shule, zahanati na ofisi za halmashauri hununua madawati, milango na dari kila mwaka. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikikubaliana kununua kiasi fulani cha bidhaa hizi kwa miaka michache, kwa sharti kwamba zifaulu vipimo vya Shirika la Viwango Tanzania, mwekezaji mdogo atakuwa na sababu ya kununua mashine. Sharti hilo la vipimo nalisisitiza. Kununua kitu kibovu kwa kuwa kimetengenezwa nyumbani ni kuiua kazi hii ikiwa changa.

Lipo pingamizi la nne, nalo ni la watu wa kilimo: uzio wa mkonge hauwezi kulisha kiwanda, kwani singa ni asilimia nne hivi tu ya uzito wa jani, na kusafirisha majani mabichi ni kubeba maji. Wako sahihi, na hii ndiyo sababu mashine za kuchakata lazima zimfuate mkulima. Mashine kubwa za korona za mashamba ya Tanga zinahitaji majani mengi na maji mengi. Kwa mkonge uliotawanyika zinahitajika mashine ndogo za kuhamishika, zinazozungushwa na vyama vya msingi kijiji kwa kijiji, na singa zikauke juani kabla ya kupelekwa mjini. Mabaki ya jani yabaki shambani kuwa mbolea. Kwa kuwa mradi unaanza na dari na madawati, hauhitaji maelfu ya tani. Unahitaji tani chache zenye ubora usiobadilika, na ubora huo ndio utakaojenga jina.

Basi kazi ya katikati inaweza kuwekwa wapi? Mara ina vipande vingi vya jibu vilivyotawanyika. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho kwa jina lake tu kimepewa kilimo na teknolojia kwa pamoja. Maabara ya kuvuta nyuzi, kuzipima unyevu na kuzijaribu ndani ya gundi na saruji ni kazi inayokifaa moja kwa moja. Tanga kuna kituo cha utafiti cha Mlingano, chenye ujuzi wa mkonge wa miongo mingi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, zinaweza kufundisha mafundi kutengeneza kalibu na kuendesha mashine ya kukandamiza kwa joto. Musoma, mji uliokuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX, si mgeni wa kazi ya kuchambua, kuchana na kupanga nyuzi. Mkeka wa nyuzi usiofumwa unatengenezwa kwa hatua za mwanzo zilezile za kiwanda cha uzi. Kinachohitajika ni chombo kimoja cha kuviunganisha vipande hivyo, chenye bajeti ndogo inayojulikana na kazi inayopimika: kila mwaka kitoe matokeo ya vipimo hadharani, mazuri na mabaya, ili fundi wa Bunda na mhandisi wa halmashauri wajue wananunua nini.

Mjadala wa hempu utaendelea, na nchi jirani zitatusukuma tuufanye; Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo chake mwaka 2020, nayo imezoea kilimo cha wakulima wadogo kama sisi. Sioni haja ya kuuogopa mjadala huo. Ninachokataa ni kuufanya kisingizio cha kungoja. Siku sheria itakapobadilika, kama itabadilika, faida itakwenda kwa mkoa wenye mashine za kuchakata zinazozunguka vijijini, maabara inayoaminika, mafundi wanaojua kwa nini unyuzi huchomoka, na wanunuzi waliokwisha kuzoea dari na dawati la nyuzi. Mkoa usio na hayo utaambiwa ulime tu na kuuza mashina kwa bei ya mnunuzi, kama tulivyouza singa. Mara inaweza kuanza kuyajenga hayo sasa, kwa katani iliyopo mipakani na mabua yanayochomwa kila msimu, bila kusubiri kibali cha mtu yeyote.